Mkono Uliofungwa kwa Utepe wa Kanga

Jambo lote lilinigharimu safari tatu za mjini Pemba, Pemba yetu ya huku bara siyo ile ya kisiwani, kwenda na kurudi, doti tisa za kanga nilizoziuza kwa bei ya kugawa, jogoo mmoja aliyekuwa bado na miaka ya kazi mbele yake, na heshima yangu kiasi, ambayo mpaka leo sijapata mtu wa kunitajia bei yake. Nimehesabu mara mbili. Nawatajia mapema, ninyi wa rika langu mliokulia huku kwetu kati ya Tungue na mashamba ya Olumbi, ili nikisema "tulipokuwa wadogo" msidhani napoteza muda. Kumbukumbu hizi nimezilipia.

Yote ni kwa ajili ya Atumane, mjukuu wangu wa miaka saba, mtoto wa binti yangu Zaituni. Zaituni anapika kwenye kambi ya mafundi wa barabara, anarudi Ijumaa tu, kwa hiyo siku sita mtoto ni wangu. Katikati ya mwaka profesora wake, mwalimu wa shule, aliniita akanifungulia kaderno, daftari lake. Kurasa zilikuwa zimetoboka kwa penseli. Pale pasipotoboka palikuwa na mistari kama njia ya kaa aliyefukuzwa. Chuoni kwa Mwalimu Bakari, anakosoma Kurani, nako habari ilikuwa hiyohiyo: mtoto anazo sura kichwani, lakini ubao wake haukuwa na herufi hata moja ya kusomeka.

Profesora ni binti mpole. Akaniambia, "Mama, nakuomba ukubali akae tena primeira, darasa la kwanza. Nikimpandisha hivi, kule mbele watoto ni wengi, atapotea."

Nikamwuliza, "Akifanya nini utampandisha kwa moyo mweupe?"

Akafikiri. "Aandike jina lake mwenyewe."

"Nipe mpaka mwisho wa mwaka."

Akanipa. Herufi saba. Nilipokuwa natoka nilidhani nimepata bei nzuri.

Kuandika peke yake kungekuwa afadhali. Atumane alikuwa akijikwaa mahali pakavu. Mchanga ukimgusa mguu anatembea kwa ncha za vidole kama amekanyaga makaa. Unga wa kukanda hataki, samaki mbichi hataki, kinu kikilia anaziba masikio. Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema mvivu, mwingine alisema amechezewa, wa tatu akataka kuniuzia dawa. Mimi nilijua angalau nusu ya sababu. Miaka ile ya vita tulipokimbilia Pemba tulikaa watu kumi na wanne katika vyumba viwili vya jamaa zetu. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Nje ya uzio hakuruhusiwa. Akilia alipewa simu, na simu haina mchanga.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenielekeza kurudi Pemba kwa Dona Lurdes, mama wa terapia, ambaye kazi yake ni kuwasaidia watoto wa namna hii. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, Mmakua aliyeolewa pwani, Kiswahili chake kina ladha ya kwao. Nilitarajia mashine. Nilitarajia angalau taa inayowaka na kuzima. Yeye akafungua kabati akatoa beseni la mchanga lenye maharage yaliyofukiwa ndani, kamba ya kutembea juu yake akailaza sakafuni, donge la udongo, shanga na uzi. Nilikaribia kumwuliza kama mchanga wa Pemba unaponya kuliko wa kwetu Palma.

"Vipindi kumi na viwili," alisema.

"Fanya sita."

Akanitazama. "Bibi, hii si kanga."

"Mwanangu, kila kitu kina bei ya kwanza na bei ya mwisho. Sita."

"Haya. Sita hapa kwangu, viwili viwili kila ukija. Vilivyobaki utafanya wewe nyumbani."

Nikampa mkono haraka kabla hajageuka. Tulipofika mlangoni akaongeza, "Vya nyumbani ni kila siku." Miaka thelathini nauza nguo, sijawahi kupigwa bao hivyo na mtu ambaye hata sauti hakupandisha.

Basi njia nzima ya kurudi, mtoto amelala mapajani mwangu, nilikuwa nikihesabu vile vitu vya kabatini, na kila nilichohesabu nilikijua. Sisi hakuna aliyetutilia mchanga kwenye beseni. Mchanga ndio uliokuwa beseni. Maji yakipwa tulikuwa nyuma ya mama zetu, kila mmoja na kijiti chake, tunachokoa makome katika tope linalomeza mguu mpaka gotini na kuurudisha kwa shingo upande. Kidole kilijua kabla ya jicho: hili kome, hili jiwe, hili ganda tupu, hapa pana kitu kinachouma, ondoa. Ukikatwa, unaoshwa kwa maji ya chumvi, na ukilia unaongezewa sababu ya kulia. Tulirudi na vikapu vichwani, tumepanda juu ya mnazi uliolala uliokuwa daraja letu la mtoni, mmoja nyuma ya mwingine, na aliyeangusha kikapu alirudi kuokota moja moja huku wengine tukimhesabia kwa sauti. Hakuna aliyeita jambo hilo terapia. Liliitwa mboga.

Na mdako mnaukumbuka? Shimo dogo kama bakuli, kokoto kumi na mbili ndani yake, na jiwe moja la kurusha. Unarusha, unazoa kokoto kutoka shimoni, unadaka jiwe kabla halijagusa chini. Kisha unazirudisha zote isipokuwa moja, na jiwe liko hewani tena. Kisha isipokuwa mbili. Mkono mmoja tu, na jicho likipepesa umekwisha. Tulicheza kwa mihogo ya kuchoma. Mimi nilikuwa bingwa wa mtaa, sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu kuna watu Palma mpaka leo nawadai mihogo na wanajifanya wamesahau uso wangu.

Asubuhi ilikuwa ya kusuka ukili, mkanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Bibi yangu Somoe, aliyenilea, alitukalisha juu ya jamvi, wajukuu wanne, akatugawia chane za miyaa zenye harufu ya jua. Tulisuka huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Bibi Somoe hakuwa mtu wa maneno mengi. Akipita anachukua ukili wako, anaupitisha katikati ya vidole bila kuutazama, anasema, "Fumua." Nilifumua mpaka chane zikawa laini kama sufi. Ukimaliza unapewa mbuzi ya kukunia nazi, na ujira wake ni machicha yenye sukari kiganjani. Jioni kinu kimoja, michi miwili, kisamvu ndani, na ole wako ukikosa mpigo, maana mchi wa mwenzako hauna breki.

Shuleni tulikaa chini. Tulihesabu kwa vijiti vya makuti, kumi kumi tumefunga kwa uzi tuliousokota wenyewe mapajani. Mwalimu alitoka kusini kabisa, akisema Kireno tu. Mwaka mzima nilielewa maneno yake mawili, senta na levanta, kaa na simama, na kwa hayo mawili nilifaulu. Vijana wa leo wana vitabu vya rangi na bado wanalalamika. Tena nimewachunguza: kidole gumba kimoja kinafanya kazi zote kwenye simu, na vidole tisa vilivyobaki vimekaa kama wazee wa mji, vinasubiri kuitwa.

Hivyo ndivyo nilivyorudi Pemba mara ya pili, nimejaa fahari. Nilimwambia Dona Lurdes kwamba dawa zake zote ni zetu, angepaswa kutulipa sisi. Akacheka, akasema ni kweli, na kwamba nusu ya kazi yake ni kuwakumbusha watu walichokuwa nacho. Kisha akauliza swali dogo.

"Anatumia mkono gani?"

"Wa kulia," nikasema. "Kama watu."

Akampa Atumane mpira arushe. Akampa kijiko akoroge maji. Akampa karatasi iliyoviringishwa achungulie. Akamtolea chaki. Na mimi, ambaye naona noti ya bandia kutoka ng'ambo ya barabara, ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye sahani yangu mwenyewe. Kila alipotaka kushika, mkono wa kushoto ulitangulia. Ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Macho yakanijia mimi. Kisha mkono wa kulia ukaja ukachukua.

"Bibi," akasema Dona Lurdes polepole, "naomba utusubiri barazani."

Baraza ilikuwa na dirisha, na dirisha halikuwa na pazia. Nilimwona mtoto akitazama mlango niliotokea. Alipohakikisha nimekwenda, akahamisha chaki. Mkono wa kushoto ukachora duara kubwa ubaoni, likaanza, likazunguka, likarudi likafunga mdomo pale pale lilipoanzia. Mtoto yuleyule wa mistari ya kaa.

Dona Lurdes akaja barazani. "Amewahi kuumia mkono huu?"

"Hapana."

"Kuna mtu alimzuia?"

Nilianza kutafuta jibu la bei nafuu. Nilikuwa nayo matatu. Nikasema, "Mimi."

Nimweleze nini? Kwamba tulikuwa wageni watu kumi na wanne, na sinia moja, na mtoto wa miaka mitatu akatia mkono wa kushoto katika wali wa waliotupokea? Kwamba nilisikia mtu akiguna, nikaona aibu, sikutaka isemwe tumekuja tumepoteza nyumba na adabu pia? Nilichana utepe wa kanga, nikaufunga mkono ule kiunoni mwake, kwanza wakati wa kula, kisha kutwa. Hakulia sana. Baada ya miezi sikuhitaji utepe, macho yangu yalitosha.

Sikubuni mimi. Nilifanyiwa. Mimi pia nina shoto, wenzangu, na wachache kati yenu mnajua. Nilipoingia chuo, mwalimu wetu wa zamani aliniona nimeshika kalamu ya bua kwa kushoto, akanirudisha nyumbani. Bibi Somoe alisema, "Kushoto kuna kazi yake, na kazi yake si kalamu." Alinifunga kiganja kwa utepe wa kanga yake nzuri, siyo ya kazi, ili nisichubuke. Alinipenda bibi yangu, na kitambaa kile kilikuwa mapenzi. Kila asubuhi, ukili na nazi zikiisha, alinifunga, kila magharibi alinifungua anioshe. Wenzangu walinizunguka wakiimba, "Mashoto, mashoto, salamu yako nani apokee?" Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bakari, huyuhuyu Mwalimu Bakari wa leo. Kwenye mdako tu wakubwa hawakutazama. Pale shimoni niliufungua utepe mwenyewe kwa meno, na pale ndipo nilipokuwa bingwa. Hiyo ndiyo siri ya mihogo yangu yote. Na mpaka leo pesa nazihesabu mara mbili. Wateja wanadhani siwaamini, na ni kweli siwaamini, lakini siyo sababu: mara ya kwanza nahesabu kwa mkono niliofundishwa, mara ya pili kwa mkono wangu.

Dona Lurdes hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema mkono si sababu ya yote, kwamba mwili wa mtoto unahitaji kazi ile tuliyokuwa nayo sisi, mchanga na uzito na kupanda na kushuka. "Kula mfundishe kwa kulia kama mnavyotaka, hiyo ni adabu, ataiweza. Lakini penseli mwachie mkono unaoijua." Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema hajui. Hilo ni jibu ambalo haliwezi kupunguzwa.

Tukaanza. Nilichimba shimo la mdako uani kwangu nikakaa chini, mwanamke wa umri wangu na magoti yangu haya. Jirani yangu akachungulia juu ya uzio.

"Mama Zaituni, unacheza au unazika hirizi?"

"Nazika madeni yako. Njoo ushuhudie."

Kuinuka kulihitaji watu wawili. Watoto wa mtaa walijaa, hakuna aliyejua mdako hata mmoja, ikabidi niwafundishe wote ili Atumane apate wa kumshinda. Siku za kwanza alikaa juu ya jamvi, miguu ameikunja, anatazama. Sikumvuta. Nilifukia karanga kwenye mchanga nikasema anayezipata ni zake. Siku ya tano mguu mmoja ulishuka kutoka kwenye jamvi. Nazi alikuna kwa taabu, mabega yakitetemeka, nikamlipa machicha na sukari kama nilivyolipwa. Alinisaidia kukamua kanga nilizofua, yeye upande huu, mimi upande ule, tunasokota mpaka tone la mwisho. Alianguka kwenye gogo la mnazi nililolilaza uani atembee juu yake mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na mjue kwamba mimi kuhesabu nahesabu. Nilipomwona mkono wa kushoto umesimama hewani na macho yananijia, nilijifunza kuangalia pembeni. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko magoti.

Wiki ya mwisho ya shule profesora alimwita mbele. Aliandika polepole, shavu limelala karibu na ubao: ATUMANE. Ile N ilitazama upande usio wake, lakini profesora alisema N yenyewe haijalalamika. Amepanda segunda, darasa la pili. Jogoo nilimpelekea Dona Lurdes safari ya tatu, akiwa hai, na njia nzima alitoa maoni yake.

Hapo ningefunga duka. Lakini chuo bado. Mtoto aliponiambia hataki kwenda kwa Mwalimu Bakari, na akaniambia huku amekalia mkono wake, nilijifunga kanga nikaenda mwenyewe kumwombea ruhusa ya kushika kalamu kwa kushoto.

"Dada," alisema Mwalimu Bakari, maana tumekua pamoja, "wewe ulifungwa, na uliandika."

"Niliandika, Mwalimu. Umewahi kusoma mwandiko wangu?"

"Nimewahi. Nilidhani kuku amepita."

"Basi sikiliza. Herufi za chuoni zinatoka kulia kwenda kushoto. Sisi tulioandika kwa kulia, kiganja kilipita juu ya wino mbichi. Unakumbuka viganja vyetu vyeusi? Unakumbuka ni mara ngapi ulichapwa kwa kuchafua ubao? Huyu mkono wake unatangulia, unaacha nyuma pasafi."

Akaugeuza mkono wake wa kulia akautazama ubavu, pale penye wino tangu tukiwa wadogo. "Kwamba imekatazwa, siwezi kusema nimeikuta mahali," alisema hatimaye. "Ila watu watanisema."

"Waseme kwangu. Mimi nina maneno ya akiba."

"Mlete Jumamosi. Akae nyuma kabisa, pembeni."

"Katikati."

"Nyuma, dada. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Nikakubali. Anayejua biashara anajua pia pa kusimama.

Enzi zetu mikono ya watoto ilikuwa na kazi tele, kome na kokoto na chane na mchi, ikakomaa na kupata akili, ila mmoja ulifungwa na hakuna aliyeuliza. Siku hizi mkono umefunguliwa, watu wamesoma, wana majina ya kila udhaifu na subira ya kuutibu, ila ukiufungua unakuta hakuna cha kuushikisha isipokuwa kioo cha simu. Nimejaribu kununua nusu ya zama zile na nusu ya hizi. Hakuna anayeuza nusu.

Jana nilikuwa nikimwogesha Atumane, nikamweleza habari njema ya Jumamosi, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nikamsimulia kidogo ya kwangu, utepe na Bibi Somoe. Akaniacha nimalize kumsugua mgongo. Kisha akasema, "Bibi, na wewe nani alikwambia unaweza kuandika kwa mkono wako?"

"Geuka, mume wangu, nikuoshe huku," nikasema.

Hakugeuka. Alisimama pale na povu lake, ananitazama. Hakuna aliyeniambia, hiyo ndiyo kweli, na nina kaderno za hesabu za miaka thelathini zilizoandikwa kwa mkono wa kuazima. Lakini mtoto anayekwenda kukaa nyuma kabisa, pembeni, anahitaji kusikia kitu kilicho bora kuliko hicho. Wenzangu mliokuwa na shoto mkafungwa, mkazeeka, mkaulizwa na wajukuu zenu, niambieni mlijibu nini. Jumamosi ni keshokutwa, na mtoto bado anangoja.